Mbwa Anayeshikika

Siku ya chanjo utawajua wafugaji wa mbwa kwa kamba zao. Yupo mtoto wa darasa la tatu, kamfunga mbwa wake utepe wa kanga iliyochakaa, na mbwa anamfuata taratibu kama vile wanakwenda dukani kununua chumvi. Nyuma yake anakuja mtu mzima, jasho linamtoka, anamburuza mbwa aliyekaza miguu yote minne. Kamba imeshageuka kitanzi na ulimi wa mbwa uko nje. Halafu lipo kundi la tatu, waliosimama mikono mitupu chini ya mwembe, wakimwambia afisa mifugo, "Wangu yupo nyumbani, ila hashikiki."

Neno hilo watu hulisema kwa kicheko kidogo, kama mzazi anayelalamika kwamba mwanawe ana nguvu mno. Wanataka tuelewe kwamba mbwa ni mkali, mlinzi kweli kweli. Mimi nikilisikia naelewa kingine: mbwa huyo hatachanjwa mwaka huu, mwaka jana pia hakuchanjwa, na siku akichomwa na mwiba hakuna atakayemtoa. Maneno yanayofuata nimeyaandika ili usisimame kwenye kundi hilo. Nimewalenga watu wa huku kwetu, kuanzia Kasulu mjini na Heru Juu mpaka Makere, Nyakitonto na Kibondo, ambako mbwa hafugwi kwa urembo.

Huku mbwa ana ajira. Mahindi yakianza kubeba, nyani na ngedere hushuka mchana, nguruwe pori huingia usiku, na anayelinda kwenye dungu bila mbwa halali. Mbuzi nao wana wezi wao. Kwa hiyo sitakwambia umlaze mbwa kitandani wala umvalishe fulana wakati wa kipupwe. Nasema tu kwamba mwenye ajira hufundishwa kazi na hulipwa ujira, na kwamba fimbo haijawahi kufundisha kazi hii vizuri.

Mchukue kwa wakati wake

Wengi wetu tunapewa mbwa, hatununui. Jike la jirani limezaa, watoto wameanza kutambaa nje, unaambiwa uchague wako uondoke naye, na bado wana wiki nne. Usimchukue. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na anachojifunza kwa mama na ndugu zake kuanzia hapo mpaka wiki ya nane wewe huwezi kumfundisha: kwamba ukimng'ata mwenzako kwa nguvu, mchezo unakwisha. Anayetolewa mapema hukua bila kujua kipimo cha meno yake. Jirani akilalamika kwamba wanammalizia unga, mpelekee unga.

Ukishamleta, una wiki chache za thamani. Kabla hajatimiza miezi mitatu na nusu, mbwa ndipo anapoamua nini duniani ni cha kawaida na nini ni cha kutisha, na uamuzi huo hubadilika kwa shida sana baadaye. Mbebe mikononi, umwonyeshe pikipiki, mama mwenye mzigo kichwani, baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, mzee mwenye mkongojo, mtu wa kanzu, mwavuli unaofunguliwa ghafla, watoto wanaotoka shule wakipiga kelele. Mwonyeshe pia wazee wetu wanavyosalimiana, wanainama na kupiga makofi. Hilo la mwisho si utani. Mbwa ambaye hajawahi kuliona hudhani bwana wake anashambuliwa, na mgeni wako wa heshima anaondoka na suruali iliyochanika. Kila kitu kipya kiambatane na chembe ya chakula na sauti ya upole, kisha mrudi nyumbani. Usimweke chini penye mbwa usiowajua, maana hajachanjwa bado.

Kuhusu jina, nitasema kidogo tu. Najua raha ya kumpa mbwa jina la kumsemea jirani: Hayawahusu, Mtajiju, Wambeya. Ukimwita jioni, ujumbe umefika. Lakini jina hilo ni refu kuitikia na, mbaya zaidi, utakuwa unalitamka kwa hasira kila siku. Simba, Bobi, Tomi, Jeki: silabi mbili zinatosha, na jirani utamweleza mwenyewe.

Mkono kwanza, amri baadaye

Watu huanza na "kaa" na "kamata". Anza na mkono. Somo la kwanza kabisa ni mbwa kukubali kushikwa mahali popote mwilini, na mtu yeyote wa nyumba yako, bila woga.

Unahitaji dagaa. Sisi wa Kigoma hatuna udhuru hapa. Chukua dagaa wakavu wasio na chumvi, uwakate vipande vidogo kama punje ya harage, uweke mfukoni kiganja kimoja. Fanya kabla ya chakula cha jioni, wakati ana hamu, kwa dakika tano tu. Gusa sikio lake, sema "Safi!" kwa sauti ile ile kila siku, mpe kipande. Gusa tena, safi, kipande. Baada ya siku mbili tatu, shika sikio na uligeuze uangalie ndani. Kisha mguu, kisha ukucha mmoja mmoja. Inua mdomo wa juu uone meno. Pitisha mkono chini ya mkia. Mkumbatie kifuani kwa kuhesabu hadi tatu, halafu tano, halafu kumi. Akijivuta, umekwenda haraka mno. Rudi hatua moja nyuma, usimkaze. Ndani ya wiki tatu utakuwa na mbwa anayeleta mguu mwenyewe.

Neno "Safi!" lina kazi yake. Linamwambia mbwa ni kitendo gani hasa ndicho kilicholipwa, hata kama mkono wako umechelewa kufika mfukoni. Ukilitamka sekunde tatu baadaye, umesifia kingine, pengine kule kujikuna kwake. Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya akipatia, kifaa kinalia "ka", anapewa ndizi. Akikosea, hapati kitu, na hakuna anayemchapa. Wanafunzi hao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kamboja. Na Usa River, karibu na Arusha, tangu 2014 yamekuwepo mafunzo ya mbwa wa kunusa meno ya tembo bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Kwao tuzo ni mchezo wa mpira na yule anayewaongoza. Kama panya anatafuta bomu kwa ajili ya ndizi, mbwa wako atashindwa vipi kuja akiitwa kwa ajili ya dagaa?

Mkanda wa shingoni na kamba vifundishwe kwa njia hiyo hiyo. Siku ya kwanza mvalishe wakati anakula, umvue akimaliza. Siku ya nne aburuze kamba mwenyewe uani ukimwangalia. Wiki inayofuata shika ncha. Akivuta, simama kama mti, kamba ikilegea, "Safi!", tembea. Mkanda uwe na nafasi ya vidole viwili kuingia. Nimeshaona mikanda ya waya iliyozama kwenye nyama kwa sababu mbwa alikua na mkanda haukukua.

Mwisho wa somo hili ni kumfunga mdomo, jambo ambalo kila mbwa alijue kabla halijahitajika. Chukua kitambaa kirefu laini. Fanya kitanzi kilegevu, kipitishe juu ya pua, kaza kiasi, pitisha ncha chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Sekunde tano, fungua, dagaa wengi kuliko kawaida. Usimfunge mbwa anayetapika au anayehema kwa shida, na usizidishe dakika chache, maana mbwa hutoa joto la mwili kwa kuhema mdomo wazi.

"Njoo" ni neno la dhahabu

Amri ziwe chache. "Kaa" huja yenyewe: inua dagaa juu kidogo ya pua yake, kichwa kikipanda, makalio yanashuka, safi. "Acha" mfundishe kwa kufumba dagaa kiganjani. Atalamba, atakwangua, siku moja atachoka na kurudisha pua nyuma, na hapo ndipo anapolipwa, kwa kipande cha mkono wa pili. Hiyo "acha" ndiyo utakayoitumia kwa kuku, ukiwa umemshika kwa kamba, tangu bado mdogo. Anayesubiri mbwa aue kuku wa kwanza ndipo aanze somo, amechelewa.

Lakini "njoo" ndiyo yenye uzito, na ndiyo tunayoiharibu wenyewe. Mimi niliiharibu. Nilikuwa na mbwa aliyekuwa anaiba mayai. Nikiona maganda, namwita, anakuja mkia ukitikisika, namchapa. Niliamini anajua kosa lake kwa sababu alikuwa anajikunyata. Kumbe alikuwa anajikunyata kwa sababu ya sura yangu. Mayai aliyala saa mbili nyuma. Alichojifunza ni kwamba "njoo" maana yake ni kipigo. Jioni moja alikuwa katikati ya barabara, lori linakuja, nikamwita. Alisimama akaniangalia, akawa anapima. Alipima kwa muda mrefu kuliko lori lilivyokuwa na muda.

Kwa hiyo usimwite mbwa umpe kitu kibaya, hata siku moja. Ukitaka kumfunga, kumwogesha au kumpa dawa, mfuate alipo. Akija kwa kuitwa, hata kama amechelewa nusu saa na ametoka kubomoa banda la kuku, alipwe. Meza hasira yako. Na mayai yaokote mapema asubuhi. Hilo ndilo lililokuwa suluhisho, na lilikuwa rahisi kuliko fimbo.

Ukali haupikwi

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Wapo wanaomsagia mtoto wa mbwa nyigu kwenye chakula, wengine pilipili puani, wengine bangi, wengine humkata masikio ati asikie vizuri, na karibu wote humfunga kisikini tangu alfajiri na kumnyima chakula mchana ili usiku "awe moto". Kisha wanashangaa mbwa amemng'ata mjukuu wa nyumbani.

Pilipili na bangi humpa maumivu na hofu, na hofu haichagui mwizi na mgeni. Mbwa aliyeteswa huuma kilicho karibu, na kilicho karibu siku zote ni mtoto. Na njaa je? Mwizi wa mbuzi hana shida na mbwa mwenye njaa. Humnunua kwa donge la ugali lenye kipande cha nyama. Aliyeshiba nyumbani kwake na anayekupenda ndiye mwenye sababu ya kubweka. Mlinzi hahitaji kuuma. Kazi yake ni kusema "kuna mtu", kwa sauti kubwa, na kunyamaza ukishatoka na kumwona huyo mtu. Mfundishe hivyo: mtu apige hodi, mbwa abweke mara mbili tatu, wewe toka, sema "Basi", mwongoze mpaka kwenye gunia lake, mlipe pale pale. Rudia na ndugu wa nyumbani wakijifanya wageni. Watoto wataupenda mchezo huu kuliko wewe.

Shambani hesabu ni tofauti kidogo. Unataka mbwa afukuze nyani mpaka ukingo wa shamba, arudi. Dume la nyani lina chonge ndefu na limeshaua mbwa wengi waliolifuata msituni peke yao. Huko huko pia kuna mitego ya waya. Fanya zoezi la kukimbia na kuitwa katika uwanja mtupu kabla ya msimu, na ikiwezekana walinde wakiwa wawili. Kumpeleka mbwa kuwinda upande wa pori la Moyowosi ni kujitafutia kesi ya ujangili, na mbwa hana wakili.

Jifunze pia kumsoma. Mbwa husema mapema kabla ya kuuma: anageuza uso, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa, kisha ananguruma. Usimchape kwa kunguruma. Ukimfundisha kwamba kunguruma kunaadhibiwa, atanyamaza, na siku ya siku atauma bila taarifa. Akinguruma, msogeze mtoto, halafu ujiulize kilichomuudhi. Watoto nao wana somo lao: usimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha; na mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie, simama, kunja mikono, angalia pembeni. Na mawe tuyaache. Mbwa anayerushiwa mawe na watoto njiani ndiye anayewakimbiza watoto njiani.

Kamba, sahani, mahali pa kulala

Kumfunga mchana si dhambi, na sehemu nyingi sheria ndogo za halmashauri zinataka mbwa asizurure. Muulize mtendaji wa kijiji au wa mtaa wako zinasemaje. Ila kisiki kimoja na kamba ya mita moja vinamtia wazimu wa kawaida, ule usio na virusi. Tandika waya imara kati ya miti miwili, weka pete, funga kamba kwenye pete, naye atatembea uani mwako bila kufika barabarani. Kivuli kiwepo saa zote, na maji, na kamba isiweze kuzunguka mti.

Kasulu ni juu milimani, usiku wa Juni na Julai unauma. Kibanda cha mabanzi kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini, mlango ukiwa kinyume na upepo, na gunia lililojazwa nyasi kavu vinatosha. Nyasi zichome kila baada ya majuma kadhaa, viroboto wamo humo.

Chakula: ugali na dagaa, kichwa cha mgebuka kilichochemshwa, maharage yaliyoiva, yai mara moja moja. Vitunguu hapana. Muhogo mbichi, hasa ule mchungu, hapana, sumu yake ni ile ile inayotuua sisi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vigae, usimpe. Na mizoga na makondo ya nyuma ya mifugo fukia, maana humo anapata magonjwa na minyoo, na mingine huhamia kwa watoto wako.

Upele usiutibu kwa oili chafu ya gari. Najua kila mtu anafanya hivyo. Mbwa hujilamba, oili inaingia tumboni, ini linakufa polepole na wewe unasema amelogwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ikikosewa kipimo huua mbwa kwa saa chache. Muulize afisa mifugo wa kata, sindano ya upele si ghali kama mbwa mpya aliyefunzwa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao nyanda zetu zinaujua kuliko sehemu nyingi za nchi. Kibondo iliwahi kuhamisha vijiji vizima miaka ya 1930 kwa sababu ya malale, na mbung'o bado wapo kwenye mapori ya huku. Mbwa naye hushikwa na vimelea vya jamii hiyo, tena humwangusha haraka. Ukiona mbwa aliyekuwa anakwenda porini amekonda, uso umevimba, fizi zimekuwa nyeupe, na jicho limefunikwa na ukungu wa bluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji, usiseme ni uzee. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mwenye homa nyumbani naye apimwe.

Jike nalo. Wengi hawalitaki kwa sababu ya msafara wa madume unaopiga kambi uani mara mbili kwa mwaka. Kisha baada ya siku 63 hivi watoto sita wanatupwa gulioni ndani ya boksi, au mtoni. Daktari wa mifugo anaweza kuhasi dume au jike. Kaeni majirani watatu wanne mkubaliane, mumwite kwa siku moja mgawane nauli yake. Dume lililohasiwa halipotezi ubwekaji, linapoteza safari.

Kichaa

Hapa sitakwenda mbio. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na takriban wagonjwa wote duniani, asilimia 99, wamekipata kwa mbwa. Makadirio yanayotumika zaidi yanasema hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwa Tanzania watafiti wamewahi kukadiria 1,500. Wengi ni watoto wa vijijini. Kinachouma ni kwamba chanjo ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe yule wa kwenye simulizi, anayekimbia akiuma kila kitu. Wapo wanaokuwa wapole ghafla, wanajificha, sauti inabadilika, taya linalegea, udenda unatiririka, hawawezi kumeza. Mfugaji anadhani mfupa umekwama, anaingiza mkono kinywani kuutoa. Usiingize mkono. Mbwa ambaye hawezi kufunga mdomo, mfungie mahali kwa mbali na umwite afisa mifugo.

Ukiumwa au kukwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa kuangalia saa. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Mtoto atalia, endelea. Usipake mafuta, chumvi, mkaa wala pilipili, usikandike jiwe la nyoka. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote ulizopangiwa uzimalize hata kama kidonda kimepona baada ya ile ya kwanza. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila hatari, asiuawe mara moja. Afungiwe aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, mate yake siku ile hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kuamua upya. Lakini sindano hazisubiri siku hizo kumi.

Kuua mbwa wote wa mitaani hakumalizi ugonjwa huu, ingawa ndiyo hatua inayopendwa mtu akishang'atwa. Wanakufa waliochanjwa na wasiochanjwa pamoja, kisha nafasi yao inajazwa na wengine kutoka kijiji cha pili, au ng'ambo ya mpaka wa Mabamba na Manyovu, maana kichaa hakina pasipoti. Kinachomaliza ni mbwa saba kati ya kumi kuchanjwa, kila mwaka, mahali pote. Pemba walifanya hivyo, wakakiondoa. Kikaingia tena kwa kuletwa kutoka nje, wakachanja tena, kikaondoka. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Na katika mbwa saba hao wa kila kumi, wapo wanaokosekana kwa sababu hawashikiki.

Kumbuka pia jirani Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Mbwa wako akilamba ndoo yake, amemwongezea kazi ya kuiosha mara saba, moja kwa udongo. Si chuki, ni ibada. Na dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa mifugo. Waya na pete uani kwako vinamheshimu yeye na kumlinda mbwa. Kwa wanaopenda kumalizia mambo kwa rungu, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na mbwa yumo.

Sasa jiandae kwa siku yenyewe ya chanjo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na mara nyingi chanjo za hadhara huzunguka tarehe hizo, kabla mvua hazijatuita wote shambani. Sikiliza tangazo la kijiji. Lisipotoka, nenda ofisi ya mifugo ya kata uulize. Wiki moja kabla, rudia zoezi la mkanda, kamba na kitambaa cha mdomo. Mwombe mtu asiye wa nyumbani, mwenye mikono ya ugeni, ambinye mbwa ngozi ya shingo kwa vidole viwili huku wewe unatoa dagaa. Asubuhi ya siku ile mpe chakula kidogo. Fika mapema, kabla mbwa wengine hawajajaa na kuanza kugombana, simama mbali na foleni chini ya kivuli chako mwenyewe, na mwachie mtoto aliyemfundisha amshike kamba, mtu mzima akiwa pembeni. Sindano ikiingia, "Safi!", dagaa wote waliobaki mfukoni.

Jioni huenda akalala mapema na kutojali mgeni, mwache. Kadi yake andika jina, rangi na tarehe, kisha iweke kwenye mfuko ule ule wa plastiki zilimo kadi za kliniki za watoto, maana huo ndio pekee ambao nyumbani haupotei.